Kidude cha Njano na Nyumba ya Jirani Yangu

Jirani yangu alitaka kuuza nyumba yake kwa sababu yangu. Hakuja kuniuliza, hakunisema kwa watu, na kila asubuhi aliendelea kuitikia shikamoo yangu kama kawaida. Alinyamaza tu, akamwita dalali. Habari yenyewe niliipata kwa mangi wa duka la kona nilipokwenda kununua betri. Mangi alizishika zile betri, akazigeuzageuza, akaniuliza bila kunitazama, "Hizi ndo za kile kidude chako cha kupimia? Maana bi mkubwa wa watu anahama kwa ajili yako."

Nilicheka nikidhani ananitania. Mangi hakucheka.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kuamini haraka. Nimefanya kazi ya uwakala wa forodha Kurasini miaka mingi, na kazi ile inamharibu mtu. Karatasi inasema vigae. Kontena likifunguliwa, vigae viko mstari wa mbele tu, nyuma kumejaa friji. Gari limeandikwa halijawahi kugongwa, ukifungua boneti unakuta limepakwa rangi mpaka kwenye nati. Nimezoea kuikagua lakiri ya kontena kabla sijamtazama usoni aliyelileta. Kwa hiyo mtu akinishuku, huwa namwelewa. Ila sikupenda kushukiwa mtaani kwangu Kipawa, tena na mama ambaye nimekula futari kwake kila Ramadhani ingawa mimi ni mtu wa kanisani.

Kisa chote kilianza na baharia. Aliingia ofisini kwetu, mgeni kutoka nchi za mbali, jasho limemlowesha mpaka soksi, mkononi ana kifaa kidogo chenye kioo. Akasema anatafuta kopo. Kopo gani? Kopo lililofichwa. Sasa fikiria uko Kurasini, malori yamejipanga nje, mgeni anakuambia anatafuta kopo lililofichwa. Nilikwenda naye ili nimkamate, huo ndio ukweli wangu. Tukavuka barabara, yeye akifuata mshale kwenye kioo, mimi nikimfuata yeye, mpaka kwenye benchi la saruji. Akaingiza mkono chini ya benchi akatoa kikopo kama cha dawa. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa na shanga moja. Akaandika jina lake, akakirudisha.

Nikamuuliza umeshinda nini. Akasema hakuna. Nani kakiweka? Mtu tu. Akaeleza kwamba duniani kote wako watu wanaoficha vikopo hivyo, wanaandika kwenye mtandao namba za mahali vilipo, na wengine wanakwenda kuvitafuta kwa GPS. Ukikipata unajiandika, unakirudisha, unaondoka. Nilikaa na jambo hilo kichwani wiki nzima nikitafuta ulaji uko wapi. Sikuuona, na kutouona kukaninyima raha. Mwisho nikaamua nitafute na mimi kimoja, nijue.

Simu inaweza kuonyesha njia, najua. Lakini mtu mzima anayetembea Dar es Salaam ameinua simu mbele ya uso, macho kwenye kioo, anawaalika wale wa pikipiki waje kuichukua. Isitoshe juani kioo cha simu kinakuwa cheusi, na chaji inakwisha hapo hapo unapoihitaji. Nilitaka kifaa cha mkononi chenye vitufe, kinachotumia betri ndogo kama za rimoti, ambacho kibaka akikiona atadhani ni redio ya mlinzi akapuuza.

Kariakoo walinionyesha vitatu. Cha kwanza kilikuwa kipya, chepesi mno, kimeandikwa mambo mengi kwenye boksi. Nikakitikisa, ndani kikalia kama njuga. Nikakirudisha. Cha pili kilikuwa cha kugusa kioo, kizuri, lakini vidole vyangu vya jasho vilikuwa vinafungua vitu nisivyovitaka. Cha tatu kilikuwa kimetumika, cha njano, mpira wa vitufe umechubuka, nyuma kina gundi kavu ya stika iliyobanduliwa. Hicho nilikipenda, na kwa kuwa nilikipenda nikakishuku zaidi. Nikamwambia muuzaji nataka kukijaribu nje, maana ndani ya duka hakiwezi kuona setilaiti.

"Nje wapi, sista? Utanitoroka nacho."

"Na mimi nikikulipa halafu hakifanyi kazi?"

Tukakubaliana. Tulitoka wote wawili mpaka katikati ya uchochoro, mimi nimeshika kifaa, yeye ameshika kamba ya kifaa, kama watu wanaopeleka mbuzi sokoni. Maghorofa yalikuwa yamebana anga, setilaiti zinaingia mbili, inatoka moja. Nikamburuza mpaka kwenye uwazi wa barabara. Zikaja nne, tano, saba. Mwanga wa kioo ulikuwa mzuri juani. Nikafungua mfuniko wa betri kuona kama kuna kutu, nikavisugua vile vyuma kwa ncha ya kanga, nikanusa. Muuzaji aliniambia hajawahi kuona mteja wa hivyo. Nikakinunua.

Nyumbani ndipo nilipojiharibia jina. Kifaa kama kile kina dira ndani yake, na kila ukibadilisha betri dira inapotea kidogo, inabidi uirekebishe. Namna ya kuirekebisha ni kukishika mbele yako na kuzunguka taratibu mahali pamoja, mara kimelala, mara kimesimama, mara kimelazwa ubavu. Mimi nilikuwa nafanya hivyo uani kwangu asubuhi kabla ya kwenda kazini, na kanga yangu, nazunguka nimenyoosha mikono, kidude cha njano kinalia tii, tii. Ua wangu hauna ukuta. Una michongoma tu, na ng'ambo ya michongoma jirani yangu hupika chai.

Halafu nikawa natembea mtaani nikijizoeza. Nasimama kwenye kona, natazama kioo, napiga hatua, nasimama tena. Sikufikiri. Nimekaa Kipawa muda wa kutosha kujua kwamba mtaa ulio jirani na uwanja wa ndege hauwezi kumtazama mtu anayesimamasimama na kifaa kama unavyomtazama muuza mboga. Hapa kwetu mtu wa namna hiyo akipita, baada yake hupita mwenye kopo la rangi nyekundu, na nyumba iliyochorwa X haiulizwi tena, inabomolewa. Hata watoto wanajua. Jirani yangu aliniona nasimama kwenye kona ya kiwanja chake, natazama kioo, naondoka. Kwangu pale palikuwa mahali penye anga wazi tu.

Yeye ni mjane, Mmakonde wa Mtwara. Mumewe alikuwa mchonga vinyago, na nyumba ile ya vyumba vitatu ilisimama kwa vinyago: kinyago kikiuzwa, tofali zinaongezeka. Hati hana. Mpaka wake ni minyaa pande mbili, kona ya choo cha jirani wa nyuma, na jiwe ambalo marehemu alilichimbia chini mbele ya mashahidi ambao karibu wote wameshatangulia. Dalali alimwambia kwamba ameniona napima, kwamba anafahamu watu wa juu, kwamba X ikishawekwa hakuna atakayenunua hata mlango. Akamwambia mteja yupo, atakuja Jumamosi, na bei aliyoitaja ilikuwa ya kutupa. Mama wa watu akakubali.

Nilipotoka kwa mangi nilikwenda kwake moja kwa moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai."

Alinipa kigoda, akanimiminia, akakaa. Nikamweleza. Nikamwambia kuhusu baharia, benchi, kikopo, shanga. Nilivyokuwa naeleza, nilijisikia mwenyewe, na ningekuwa mimi ningeita polisi.

"Kwa hiyo unatafuta kopo," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mtu mzima, una kazi yako, una akili zako. Unaamka alfajiri unazunguka uani, unatafuta kopo."

"Ni mchezo."

"Na hilo kopo ukilipata unalirudisha."

"Narudisha."

Akasonya, si kwa ukali. Akaniambia, "Mwanangu, kama wamekutuma, we sema tu. Mie sikuchukii. Kazi ni kazi. Niambie lini, nijue nitapeleka wapi vyombo vyangu." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi na alikuwa ananibembeleza mimi, ili nisione aibu. Nilitamani ardhi inimeze. Nilitamani pia kumshika yule dalali shingo.

Nikamwambia twende pamoja. Kama nasema uongo, atauona. Kulikuwa na kikopo kimoja Segerea. Maelezo yake kwenye mtandao yalisema kiko kwenye chuma, hakuna haja ya kuchimba. Alikubali kwa shingo upande. Siku ya safari alitoka amevaa baibui lake jipya na kitambulisho chake cha taifa ameshika mkononi. Nikamuuliza cha nini. "Tunakwenda Segerea," alisema, akipanda bajaji. "Wakitukamata, gereza lenyewe si ndo pale? Angalau hawatatusafirisha mbali."

Simu niliiacha nyumbani kwa sababu ya vibaka. Namba za mahali nilikuwa nimeziingiza kwenye kidude kwa mkono, tarakimu moja moja, nikazikagua kama ninavyokagua namba za makontena. Mshale ulituongoza vizuri. Tukashuka, tukatembea, umbali ukawa unapungua, hamsini, ishirini, kumi. Jirani yangu alianza kuchungulia kioo bila kupenda. Kisha kidude kikalia kuonyesha tumefika, na mbele yetu palikuwa na geti la watu.

Geti lilikuwa la chuma. Nikajidanganya. Nikapapasa bawaba, nikapapasa juu ya komeo, nikainama kuchungulia chini. Mbwa akaanza kubweka. Geti likafunguka, akatoka baba mmoja amevaa msuli, akanitazama, akakitazama kidude cha njano, uso wake ukabadilika.

"Mmekuja kupima?" aliuliza. "Si walisema huku haifiki?"

Nikasema hapana, tunatafuta kopo. Yule baba akageukia ndani na kuita, "Mama nanii! Wamefika!" Mkewe akatoka na mwiko mkononi, wapangaji wakatoka, na kila mmoja akawa anauliza barabara itapita upande gani. Niliomba radhi kwa Kiswahili chote ninachokijua. Jirani yangu alisimama pembeni na kitambulisho chake, akiwatazama wale watu wakinitazama, na nilijua anawaza nini. Hata huku Segerea, ambako hawanijui, wamekitambua.

Njiani kurudi hakunilaumu. Aliposhuka kwenye bajaji alisema tu, "Jumamosi uje unisaidie kukunja mapazia."

Nilirudi ndani nikiwa na hasira nisiyojua nimtupie nani. Kwanza nilimshuku dalali: kwamba amelipata kopo kabla yetu akaliondoa. Ujinga, najua, dalali atalijulia wapi. Kisha nikamshuku mtu aliyelificha, kwamba ameandika namba za uongo makusudi. Halafu nikakumbuka kwamba hata vikopo viwili nilivyovitafuta peke yangu kabla ya hapo sikuvipata. Kimoja kidude kilinipeleka kwenye ua wa nyuma wa gereji, kingine katikati ya dimbwi. Nilikuwa nimesema wameviiba, kwa sababu hiyo ndiyo kauli yangu ya kwanza kwa kila kitu kisichoonekana. Sasa nikaanza kukishuku kidude chenyewe, na nikaona haya kwamba nilichelewa. Kontena likipotea moja unamshuku mwizi. Yakipotea yote unakagua karatasi.

Nikatoa kila kitu nje. Nikabadilisha betri, maana betri za bandia zinaweza kukifanya kizubae. Hakuna tofauti. Nikairekebisha dira, safari hii ndani, mapazia yamefungwa. Hakuna tofauti. Nikakiweka uani penye anga wazi, nikakiacha kitulie mpaka setilaiti zijae, kisha nikawasha simu na kuiweka pembeni yake. Vyote viwili vilikuwa juu ya ndoo moja, na kila kimoja kilitoa namba zake. Namba hazikulingana. Si kidogo. Kwa mujibu wa simu nilikuwa kwangu. Nikachukua namba za simu, nikaziingiza kwenye kidude, nikakiambia kinipeleke. Mshale ukaelekea kusini, ukasema kwangu ni zaidi ya mita mia tatu kutoka pale nilipokaa.

Nikavikumbuka gereji, dimbwi na geti. Nikavitazama kwenye ramani ya simu. Vyote vitatu vilikuwa kusini mwa mahali halisi, umbali ule ule. Kitu kilichoharibika hakikosei kwa usawa namna hiyo. Hicho kilikuwa kimepangwa. Nikampigia muuzaji wa Kariakoo.

"Braza, umeniuzia kidude kinanipeleka kusini."

"Sista, mie nimekuuzia mashine, njia si yangu."

"Kilikuwa cha nani?"

"Kwani ishu nini? Kilikuwaga cha mzee mmoja wa mambo ya ardhi. Alikuwa anapimaga viwanja, sasa kastaafu, kakileta hapa. Kizima kabisa kile."

Nilikaa chini. Nikapita kwenye mipangilio, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka nikafika kwenye mfumo wa ramani. Palikuwa pameandikwa Arc 1960. Wapimaji wetu wa zamani walikuwa na ramani zilizochorwa kwa hesabu hiyo, na viwanja vingi vya mji huu vimepimwa nayo. Ulimwengu wa vikopo unatumia nyingine, WGS 84. Namba ni zile zile, lakini ukizisoma kwa hesabu ya wapimaji unatua kwenye kiwanja cha mtu mwingine. Nikabadilisha. Namba za kidude zikaruka, zikatulia, zikalingana na za simu.

Ningefurahi, lakini kulikuwa na jambo moja. Kidude changu kweli kilikuwa cha kupimia viwanja. Mama wa watu hakukosea, na yule baba wa msuli hakukosea. Mimi ndiye pekee niliyekuwa sijui nimeshika nini. Nilifikiria kulificha hilo. Nikaona nikilificha atalinusa tu, kwa sababu ameishi kwa kunusa mambo ambayo watu hawamwambii. Nikavuka michongoma nikamkuta anapepeta mchele.

"Mama, hiki kidude kilikuwa cha mpima viwanja. Nilikinunua bila kujua."

Alipepeta mara kadhaa. "Nilijua," alisema. "Mzee wangu alikuwa na rafiki anacho kama hicho. Nilikuwa nangoja uniambie." Akauweka ungo chini. "Sasa umesema neno la kweli. Twende tena kwenye kopo lako."

Ilikuwa Jumamosi yenyewe. Mteja wa dalali alikuwa aje mchana, kwa hiyo tulitoka mapema. Safari hii nilimpa yeye kidude akishike. Nilimwonyesha mshale na zile namba zinazopungua, nikakaa nyuma yake. Alitembea polepole, mkono mmoja umeshika baibui, akisoma umbali kwa sauti kama mtu anayesoma bei sokoni. Tulipita mbali na lile geti. Kwa mbali nilimwona mbwa tu. Mshale ukatuingiza kwenye kiwanja cha mpira cha vumbi, ukatupeleka mpaka kwenye goli. Nguzo za goli zilikuwa bomba za chuma, na moja ilikuwa imekatika chini, mdomo wazi.

"Hapa," alisema. "Kimelia."

Nilitaka kuinama, akanizuia. "We kaa huko huko. Usije ukakitoa mkononi mwako ukasema umekiokota." Akainama mwenyewe, akachungulia, akaingiza vidole viwili, akavitoa haraka. Akachukua kijiti, akachokoa. Kikatoka kikopo cheusi, kidogo kuliko kiberiti, na juu ya mfuniko wake nyigu alikuwa amejenga nyumba yake ya udongo.

Alikigeuza kwenye mwanga. Nikangoja. Najua alichokuwa anataka kusema kwa sababu ningekisema mimi: umekuja jana ukakiweka. Alikwangua ule udongo kwa ukucha, akaupuliza, akaukwangua tena. Ulikuwa mkavu mpaka umepasuka, na vitundu walimotokea watoto wa nyigu vilikuwa wazi.

"Huyu hakujenga jana," alisema. "Kajenga, kazaa, kalea, kahama."

Mimi hakuniamini. Alimwamini nyigu. Nilishukuru hata hivyo, nikamshukuru nyigu moyoni kwa kazi yake. Akafungua kikopo, akaikuta karatasi imeviringwa na kifungo kimoja cha shati. Akanitazama, akaitazama karatasi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya goli. "Kopo!" alisema. "Kweli kopo! Mijitu mizima!" Nikaandika majina yetu. Kifungo alikinusa, akakirudisha. Aliniuliza tena nani kakiweka na anapata nini, nikamwambia hata mimi bado nalitafuta jibu hilo.

Tulirudi kwa bajaji. Tulipokaribia Kipawa aliniuliza, "Basi we hukuwa unapima."

"Sikuwa, mama."

"Na wengine?"

Nilikuwa nimehangaika siku zote hizo kujisafisha mimi, na nilikuwa nimesahau kwamba nyumba haibomolewi na mimi. Ningeweza kumwambia hawaji. Ningekuwa nasema maneno ya dalali, upande wa pili tu. Nikamwambia sijui.

Aliitikia kwa kichwa. Tuliposhuka hakuelekea mlangoni kwake. Alielekea kwenye minyaa ya mbele, akasimama, akanyoosha kidole chini. "Washa. Nataka kijue na hapa ni wapi."

Tukaizunguka nyumba. Kwenye kona ya minyaa nikahifadhi namba. Kwenye minyaa ya pili nikahifadhi. Kwenye kona ya choo cha jirani wa nyuma tukaomba hodi, nikahifadhi. Alikuwa ananitazama mikono kila nikibonyeza. Kona ya nne ilikuwa kwenye jiwe la marehemu, lililobaki na kichwa tu juu ya mchanga. Nikaweka kidude juu yake, nikaacha kitulie. Yeye akainama kusoma.

"Hii tano ni nini?"

"Ni mita tano. Kidude hakiwezi kujua mahali kamili, mama. Kinaweza kukosea mita tano, huku au huku."

Akageuka kutazama nyumba yake. Kutoka pale kwenye jiwe mpaka dirisha la chumba anacholala hakukuwa na mita tano. Akageuka kutazama upande mwingine, kwenye kinjia cha watu.

"Na cha mpimaji wa serikali?"

"Wana vikubwa zaidi. Lakini walio na kama hiki wapo."

"Sasa hizo mita tano," aliuliza, "ni za nani?"

Kwa miaka yote ya bandari nilikuwa sijawahi kuulizwa swali lililoninyima pa kushika namna ile. Yeye hakungoja jibu. Aliingia ndani akatoka na kigoda chake cha jikoni, akakiweka ng'ambo ya jiwe, kwenye kinjia, akakaa.

Dalali alitokea na mteja wake, mtu mnene mwenye funguo za gari mkononi. Alinisalimia kwa bashasha, "Sista, mambo, kazi zinaendelea?" na akamkonyeza mteja, kama mtu anayesema umeona mwenyewe. Kisha akamsogelea mama, akiwa ameshaanza kueleza vyumba vitatu na umeme.

"Siuzi," alisema mama.

Dalali akacheka. Akasema bi mkubwa, tulishaongea, X ikija utanitafuta. Akapiga hatua moja zaidi, kiatu chake kikawa karibu na kigoda.

"Nimesema siuzi. Na urudi nyuma kwanza, unanikanyagia kiwanja changu."

"Bi mkubwa, hapa si njia?"

"Muulize huyu," alisema, akinionyesha mimi. "Ana mashine."

Dalali akanitazama, akakitazama kidude. Mteja naye akakitazama. Nilikiinua mbele ya uso wangu, nikasoma kioo kwa utulivu wote wa mtu wa forodha, na nikamwambia arudi nyuma mita tano.

Akarudi.